Kibao cha Mradi

Kijana akiingia studio na kusema ana wimbo wa kuizungumzia jamii, kabla hajafungua simu kunisomea mistari najua humo ndani kuna "viongozi", kuna "mabadiliko", na kuna mahali atapandisha sauti kama mhubiri wa stendi. Sisemi kwa dharau. Huu ni mji ambao siasa imelala kwenye udongo wake. Azimio la Arusha lilijadiliwa kwenye jengo dogo la Kaloleni Januari 1967, na jengo hilo leo ni makumbusho ambayo wengi wetu tunayapita bila kugeuza shingo. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa hadi 2015. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake makuu hapa hapa. Mtoto wa Arusha anakua akisimamishwa kando ya barabara ndani ya kifodi, daladala yetu ndogo, ili msafara wa magari yenye bendera upite. Lazima awe na la kusema. Kinachonichosha ni kwamba anasema lile lile alilosema wa juzi, na ukimuuliza wimbo unamhusu nani hasa, anakuangalia kama umemtukana.

Nimeshamtengenezea kijana mmoja wa namna hiyo albamu yake ya kwanza, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na kazi ile imenifundisha mambo ambayo sikuyapata miaka yote niliyokaa redioni nikikata matangazo ya sabuni na ya misiba. Nitamwita dogo, kwa sababu ndivyo ninavyomwita, naye huniita dada. Mchana alikuwa anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, jioni anakuja kwangu Sakina. Studio yenyewe ni chumba kimoja, magodoro ukutani. Trei za mayai nilizibandua zamani, maana hazizuii kelele yoyote, zinakusanya vumbi tu.

Sasa, kabla ya dogo kulikuwa na CD. Shemeji yangu, mume wa dada, ni dereva wa watalii, na Land Cruiser yake hukusanya vitu vinavyosahauliwa na wageni: kofia, mafuta ya jua, vitabu vilivyosomwa nusu. Siku moja aliniletea CD yenye picha ya kijana mwembamba mwenye miwani mikubwa, kashika gitaa, magoti yameingia ndani. "Shemeji," akaniambia, "huyu si yule mhasibu wenu wa redio?" Alikuwa Elvis Costello, na albamu ni My Aim Is True, ya kwanza yake, iliyotoka Uingereza Julai 1977. Nyimbo nazo zilinishinda mwanzoni. Sauti ni ya mtu mwenye mafua na hasira kwa pamoja. Lakini fundi wa sauti huwa hasikilizi kama watu wengine, na mimi nilichokisikia ni chumba kidogo. Nikataka kujua walirekodi wapi.

Walirekodi Pathway, studio ndogo ya London yenye njia nane tu za kurekodia, yaani sauti nane tu zinazoweza kuwekwa kila moja peke yake, chini ya usimamizi wa mtayarishaji Nick Lowe. Muda wote wa studio ulikuwa takriban saa 24 na gharama takriban pauni 2,000. Bendi iliyompigia ilikuwa ya Wamarekani, Clover, ambao hata kwenye jalada hawakutajwa. Na huyo Costello, ambaye jina lake la nyumbani ni Declan MacManus, alikuwa ameajiriwa kuendesha kompyuta kwenye kampuni ya vipodozi ya Elizabeth Arden. Ana mke, ana mtoto, ana zamu. Ili aende kurekodi aliaga kazini kwamba anaumwa.

Wakati huo Uingereza ilikuwa na muziki uliobatizwa wimbi jipya: punk, muziki wa magitaa wenye kelele na hasira, ilikuwa imevunja mlango kwa teke, hawa wakaingia nyuma yake na nyimbo fupi, nadhifu, zenye maneno mengi. Vijana waliovaa koti na tai kama makarani, lakini ukisikiliza wanachosema unashangaa hawajafukuzwa kazi. Albamu hiyo inafunguliwa na wimbo wa chini ya dakika moja na nusu unaomkaribisha mtu kwenye wiki ya kazi, na ukarimu wenyewe ni wa kejeli.

Hapo ndipo nilipopata dawa ya dogo. Alikuwa anakuja na mistari ya mtu asiye na ajira, mtu wa kijiweni, anayelala njaa, na ukimsikiliza unajua si yeye. Anaona aibu kuwa muuzaji wa duka. Aliamini mwanamuziki wa jamii lazima awe mtu wa shida tupu, na mshahara, hata ule mdogo, unamchafulia wasifu. Nikamwekea ile CD, nikamweleza habari ya kompyuta na vipodozi. Kiingereza chake ni cha kuunga lakini alielewa. Akauliza, "Kwa hiyo huyu mzee alikuwa karani?" Nikamwambia ndiyo, karani mwenye macho. Nikamuuliza na yeye huko dukani anaona nini.

Kimya kidogo, halafu akaanza. Akaniambia habari za bati: mama anakuja anataka geji 28, pesa inamtosha geji 30, anaondoka na geji 30 na kumwomba Mungu upepo usije. Akaniambia habari za mafundi wanaoomba risiti iandikwe saruji mifuko kumi na tano wakati wamebeba kumi na mbili. Halafu akaniambia habari ya nondo. Kuna mkandarasi alikuwa akija na karatasi inayosema milimita 12, na kilichokuwa kinapakiwa kwenye gari ni milimita 10. Nondo hizo zilikuwa za kalavati la mtaani kwa dogo mwenyewe. Kalavati analovuka kwenda kazini. Na pembeni ya kalavati pamesimama kibao cha mradi: jina la mradi, mteja, mkandarasi, gharama, tarehe ya kuanza, tarehe ya kukamilika. Tarehe ya kukamilika ilishapita zamani na kibao kimeota kutu kwenye miguu.

Nikamwambia zima simu, hayo usiyaandike kwanza, nisimulie tena na maiki ikiwa wazi.

Wimbo uliotoka hapo tuliuita Kibao. Beti zake ni za muuzaji anayepima nondo kwa macho. Kiitikio hakina neno hata moja la kwake: anasoma kile kibao, mstari kwa mstari, kwa sauti ya karani wa mahakama. Anakisoma hadi gharama, shilingi na sifuri zake zote, halafu anakisoma tena. Hakuna mahali anasema wizi. Hakuna "viongozi".

Huo mtindo haukuanzia London wala Sakina, na nilimkumbusha hilo mapema asije akadhani mzungu ndiye kamfundisha. Professor Jay alishatuonyesha mwaka 2001 kwenye Ndio Mzee, wimbo uliomo kwenye albamu yake Machozi Jasho na Damu. Mle hakuna msanii anayelaumu mwanasiasa. Kuna mgombea anayeahidi mambo yasiyowezekana, na wananchi wanamwitikia. Ukicheka, umekwisha kuelewa. Watu wa umri wangu tuliimba kiitikio kile shuleni mbele ya walimu na hawakuwa na la kutufanya. Na hapa nyumbani kundi la X Plastaz walikuwa wameshaweka uimbaji wa Kimaasai juu ya biti, albamu yao Maasai Hip Hop ikatolewa na lebo ya Ujerumani mwaka 2004. Baadaye wakaja Nako 2 Nako, kisha Weusi. Chuga, yaani Arusha yetu, haijawahi kukosa watu wa maneno. Wengine maneno yao yamewafikisha mbali kwelikweli: Sugu na Professor Jay bungeni, Nikki wa Pili ukuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021. Dogo alipoona orodha hiyo alicheka akasema kumbe rap ni barua ya kuombea kazi. Sikumjibu, maana sijui kama alikosea.

Jambo la njia nane tulilifanya kweli. Kompyuta yangu inaruhusu njia nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na hiyo ndiyo shida. Dogo alikuwa anarundika sauti yake juu ya sauti yake, ukifungua kiitikio unakuta madogo kumi na wanne wanaimba, na ukiuliza yupi tumfute anasema wote wana umuhimu. Nikaweka sheria: wimbo ukizidi njia nane, tunafuta. Ngoma mbili, besi moja, gitaa, kinanda, sauti kuu, sauti ya pili, na moja ya ziada ya kugombania. Aligoma. Siku mbili hakuja. Aliporudi tulirekodi Kibao usiku mmoja, Luku ikiwa inalia, na ukisikiliza kwa makini kwenye ubeti wa mwisho anakimbia kidogo mbele ya biti kwa sababu alikuwa anaogopa umeme utakatika kabla hajamaliza. Nimeuacha vile vile. Sauti ya mtu anayewahi ndiyo sauti ya wimbo wenyewe.

Shida kubwa ilikuja kutoka Dar. Kuna jamaa wa kusambaza kazi mtandaoni tulimtumia nyimbo. Akapenda. Kuhusu Kibao akasema, "Huu ndio wimbo, lakini toeni huo mtaa na hicho kibao. Wekeni 'mtaani kwetu'. Mtu wa Tandika au wa Mwanza atajuaje hilo kalavati?" Alisema kwa upole, na ni mtu anayejua biashara yake. Dogo akashawishika papo hapo. Mimi nikakataa, tukabishana wiki nzima.

Hoja yangu niliitoa kwenye ile ile CD. Kuna wimbo humo unaitwa Less Than Zero, nao ndio uliotangulia kutoka peke yake, Machi 1977. Costello aliuandika baada ya kumwona Oswald Mosley kwenye televisheni. Mosley ndiye aliyeanzisha chama cha kifashisti cha Uingereza mwaka 1932, na miaka ya sabini alikuwa mzee anayehojiwa kwa heshima, akijisafisha kana kwamba watu wamesahau. Kijana akakasirika, akamwimba. Kwenye wimbo anamwita Bwana Oswald tu. Muingereza akisikia anajua. Albamu ilipovuka kwenda Marekani, Oswald wanayemjua wao ni Lee Harvey Oswald, anayetajwa kwa mauaji ya Rais Kennedy pale Dallas. Wakabaki wanajiuliza Dallas inahusiana vipi na mashairi haya.

Dogo aliposikia hivyo aliruka. "Si ndiyo anachosema jamaa wa Dar! Umeona?"

Nikamwambia subiri. Desemba 1977 Costello alialikwa kwenye Saturday Night Live, televisheni kubwa ya Marekani. Akaanza Less Than Zero, baa chache tu, akasimamisha bendi, akawaambia watazamaji kwamba hakuna sababu ya kuuimba wimbo huo pale, akabadilisha papo hapo na kupiga mwingine unaoisema redio. Kipindi kile hakikumwalika tena hadi 1989. Na kwenye maonyesho ya Marekani alishaandika maneno mengine ya wimbo ule ule, ya Oswald wa Dallas, akawa anawaimbia hayo. Lakini kwenye albamu hakugusa. Oswald wa London alibaki Oswald wa London, na ndiyo maana hadi leo mtu kama mimi, niliyezaliwa mbali na ugomvi wao, nikausikia, nikauliza huyu Oswald ni nani, nikajua habari ya Mosley. Angeandika "wanasiasa waovu" nisingeuliza kitu.

Mtu wa Mwanza hatalijua kalavati letu, ni kweli. Lakini kibao anakijua. Kila wilaya ina chake. Akisikia chetu kinasomwa na shilingi zake, atakwenda kukisoma cha kwao. "Mtaani kwetu" haimpeleki popote.

Kulikuwa na jina moja, hata hivyo, ambalo mimi mwenyewe nililitoa. Dogo alikuwa amemtaja mkandarasi kwenye ubeti wa pili. Hapo nilisema hapana, na sikuwa na mjadala. Mosley alikuwa mtu wa hadharani, historia yake imeandikwa. Huyu wa kwetu tulikuwa na ushahidi wa macho ya muuzaji mmoja, ambaye angepoteza kazi siku hiyo hiyo na pengine kufikishwa mahakamani kwa kashfa. Kuna tofauti kati ya kutaja mahali, bei na tarehe, ambavyo vimeandikwa hadharani kwenye bati la serikali, na kumtaja mtu kwa jambo uliloliona wewe peke yako. Dogo alisema ninaogopa. Naogopa, ndiyo. Nilikuwa redioni mwaka 2017 Nay wa Mitego alipokamatwa kwa wimbo wa Wapo. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, waliufungia, na siku ile ile tukasikia Rais Magufuli ameagiza aachiwe na wimbo upigwe. Asubuhi tuliutoa kwenye orodha, jioni tukaurudisha, na anayebofya kitufe nilikuwa mimi. Mwisho ule ulikuwa mzuri, lakini huwezi kutengeneza albamu kwa kutegemea rais atapenda wimbo wako.

Mtaa wenyewe, kwa anayetaka kuujua, umetajwa kwenye wimbo. Hapa niacheni.

Tukakubaliana hivyo: mahali pabaki, gharama ibaki, tarehe ibaki, jina la mtu litoke. Pale jina lilipokuwa tukaweka kimya cha mapigo mawili. Nilitaka kuweka mlio wa kuziba kama wa redioni, dogo akasema kimya kinatosha, na hapo alinizidi.

Jambo jingine nitalipitia haraka. Albamu nzima haikuwa ya siasa, ingawa dogo alitaka iwe. Zile nyimbo kumi na mbili za Costello, nyingi ni za wivu na za kuachwa, siasa ni chache. Msikilizaji ndiye anayeondoka na picha ya mtu mwenye msimamo, kwa sababu anayelalamika kuhusu mpenzi na anayelalamika kuhusu Mosley ni mtu yule yule, mwenye ulimi ule ule. Kwa hiyo nilimlazimisha dogo aweke wimbo wake wa binti wa Tengeru, ambao alikuwa anauonea haya. Ndio uliotangulia kupigwa na madereva wa vifodi. Kibao kilifuata nyuma yake kikiwa kimeshikwa mkono.

Kilipofika, kilifika kwa njia ambayo sikuitarajia. Watu hawakutuma maoni kuhusu mistari. Walituma picha. Kibao cha kisima, kibao cha zahanati, kibao cha barabara ya kilomita chache, kingine maandishi yamefutika kabisa kabaki mfano wa nembo. Picha za Babati, za Same, za Singida. Wengine hawakuandika neno lolote, tarehe tu ya kukamilika, imezungushiwa duara jekundu.

Baadaye dogo akaitwa Dar kwenye onyesho dogo, akanipigia simu kabla ya kupanda jukwaani. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dada, niimbe Kibao au niache? Huku hawalijui kalavati." Nikamwambia aamue yeye, ila kama ataimba asibadilishe mtaa. Akaimba. Alinieleza usiku huo kwamba pale ambapo watu wa Arusha hucheka, kwenye jina la mtaa, hakuna aliyecheka, na alihisi tumbo likimshika. Akaendelea. Alipofika kwenye nondo, milimita 12 za karatasini na 10 za garini, ukumbi ukapiga kelele. Hakuwa amewahi kupata kelele hapo. Kwetu mstari huo hupita tu. Aligundua baadaye kwamba nusu ya waliosimama mbele walikuwa mafundi ujenzi wa Mbagala waliokuja moja kwa moja kutoka saiti, na mmoja wao alimfuata nje kumwambia kwamba siku hizi wanaletewa hata za 8.

Sasa anataka turekodi toleo la Dar lenye hizo za 8, kama Costello alivyowaandikia Wamarekani la kwao. Nimemwambia arudi kwanza akasimame saiti, aulize bei.